Haki ya Rafiki Mgonjwa Huanzia Jikoni

 

Somo letu la juma hili ni haki ya rafiki aliyeshikwa na maradhi. Huenda msomaji akasema kwamba hili alilijua tangu chuoni, kwani nani asiyejua kuwa kumzuru mgonjwa ni katika haki za Mwislamu juu ya nduguye? Ni kweli, sote twalijua. Lakini tumeizoea haki hii kwa sura moja tu, nayo ni kwenda, kuketi, kuomba dua na kurudi. Na katika mazoea hayo tumeacha kuuliza kama yule mgonjwa na watu wa nyumba yake wamepata nafuu yoyote kwa kuja kwetu.

Tutaanza kwa kujikosoa sisi wenyewe, kwani si adabu mwenye kufundisha haki kuanza kwa makosa ya wenziwe. Tulikuwa na sahibu yetu hapa Mombasa, Mwenyezi Mungu amrehemu, ambaye kwa miaka kumi na minane tuliketi naye mkeka mmoja baada ya sala ya Maghribi. Tulizijua kauli zake katika masiala ya zaka na mirathi. Lakini nyumba yake tuliijua mpaka sebuleni tu. Alikuwa na kisukari kwa muda mrefu, hata mafigo yake yakadhoofika, ikawa hana budi kusafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa juma. Aliporudi kutoka hospitali tulikwenda kumtazama makundi kwa makundi. Tulimwombea dua, tukazungumza khabari za mji, tukaletewa chai ya maziwa na mahamri, tukala, tukaondoka na nyoyo zimetulia kwamba tumetekeleza wajibu wetu.

Jioni moja, tukiwa njiani kwenda kwake, tulipita katika duka la mtaa ule. Tukamkuta mwanawe mdogo amesimama mbele ya mwenye duka, naye hakutuona. Akasema: "Ami, mama asema umpe kilo ya sukari na maziwa pakiti mbili. Wageni wa baba wanakuja." Mwenye duka akafungua daftari lake, akalitazama, akalifunga. "Mwambie mamako deni limekuwa kubwa. Alipunguze kwanza."

Wageni hao waliotajwa ni sisi. Na deni lile, kama tulivyokuja kupata hakika baadaye, sehemu yake kubwa ilikuwa ni sukari, maziwa na unga wa ngano kwa ajili ya watu waliokuja kumtazama mgonjwa ambaye yeye mwenyewe alikuwa amekatazwa sukari. Basi tulikuwa twaja kumwondolea huzuni mtu, nasi twamwongezea deni.

Tangu siku hiyo tulirudi katika vitabu vyetu kutazama upya: Je, dini yetu imetaka nini kwa rafiki mgonjwa? Na haya ndiyo tuliyoyakuta.

La kwanza, katika Hadithi Qudsi iliyopokewa na Imam Muslim, Mwenyezi Mungu atamuuliza mja Siku ya Kiyama kwa nini hakumzuru alipokuwa mgonjwa. Mja atastaajabu, vipi Mola wa viumbe vyote azuriwe? Naye atajibiwa kwamba mja fulani aliugua naye hakwenda kumzuru, na lau angekwenda angalimkuta Mola wake kwa mgonjwa huyo. Hadithi hii wengi wetu huikomesha hapo. Lakini haikomi hapo. Yaendelea kwa kuuliza juu ya mwenye kuomba chakula asilishwe, na mwenye kuomba maji asinyweshwe. Mambo matatu haya yamepangwa katika safu moja: mgonjwa, mwenye njaa na mwenye kiu. Basi mwenye kwenda kumtazama mgonjwa, akaiacha nyumba ile haina unga jikoni wala maji katika pipa, amechukua theluthi moja ya hadithi na kuziacha theluthi mbili.

La pili, ni khabari ya Ummul Alaa (R.A.), mwanamke wa Kiansari wa Madina. Muhajirina walipofika Madina hawana makao, Ansari walipigiana kura kuwagawana, na nyumba yake ikapata kura ya Uthman bin Madh'un (R.A.). Wakamkaribisha kwao, akaishi nao. Alipougua, walimuuguza wao mpaka alipofariki. Tazama mpango wake: makao yalitangulia, maradhi yakafuata. Haikuwa lazima siku ile ya homa kuuliza mgeni huyu hula nini au hulala wapi, kwani walikwisha kuyajua.

La tatu, katika mwaka wa 2 wa Hijra (624), Waislamu walipotoka kwenda Badri, Uthman bin Affan (R.A.) alibaki Madina kwa amri ya Mtume (S.A.W.) amuuguze mkewe Rukayya, binti yake Mtume, ambaye alifariki katika siku hizo hizo. Pamoja na kubaki kwake nyumbani, Mtume (S.A.W.) alimwahidi ujira wa mtu aliyehudhuria Badri na akampa fungu lake katika ngawira. Yatosha hili kwa mwenye kudhani kwamba kumshikia mgonjwa bakuli la uji ni kazi ndogo isiyostahili wanaume.

La nne, alipouawa Jaafar bin Abi Talib (R.A.) katika vita vya Muuta, mwaka wa 8 wa Hijra (629), Mtume (S.A.W.) aliamrisha watu wa nyumba ya Jaafar wapikiwe chakula, na akataja sababu, kwamba wamefikiwa na jambo lililowashughulisha. Hadithi hii sote twaitumia katika masiala ya matanga, tukiwakataza watu kula katika nyumba ya mfiwa. Nasi twasema: angalieni sababu. Sababu ni kushughulishwa. Je, nyumba yenye mgonjwa wa miezi sita haikushughulishwa? Mke halali usiku, watoto hawafuatwi masomo yao, na mwenye kuleta riziki amelala kitandani. Basi ikiwa si vizuri kumpikisha mfiwa, vipi itakuwa vizuri kumpikisha mwenye kuuguza? Sababu ikiwa ni moja, hukumu yafuatana nayo. Wala hatusemi kwamba kumpa mgeni chai ni haramu. Twasema kwamba mgeni mwenye akili huiangalia hali ya nyumba kabla ya kupokea kikombe.

Sasa twende kwenye kiini cha somo. Huenda mtu akasema: "Nami nataka kusaidia, ila sijui wanahitaji nini." Jibu letu ni kwamba kutojua huku kulianza zamani, siku za afya. Mwenye kumjua rafikiye msikitini tu, au dukani tu, au katika simu tu, maradhi yakija humkuta yeye mgeni. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka wa 505 wa Hijra (1111), alipohesabu haki za udugu katika kitabu chake Ihyaa, aliitanguliza haki ya mali, kisha haki ya kumtumikia rafiki kwa nafsi yako kabla hajaomba. Na katika kueleza hayo akataja watu wema waliotangulia, ambao mmoja wao alikuwa akienda mlangoni kwa nduguye na kuwauliza watu wa nyumba kama wana mafuta na chumvi, na kama wana haja yoyote, kisha huitimiza haja hiyo bila ya nduguye kujua. Mafuta na chumvi! Imam hakuona haya kuvitaja vitu hivi vya jikoni katika kitabu cha kuhuisha elimu za dini, nasi twaona haya kuviuliza.

Na kabla ya hapo tuna mfano wa Salman na Abu Dardaa (R.A.), ambao Mtume (S.A.W.) aliwafunga udugu. Salman alikwenda kumzuru nduguye, akamwona mkewe amevaa nguo chakavu asiyejishughulisha na nafsi yake. Akauliza kuna nini, akaambiwa kwamba nduguye hana haja na dunia. Salman hakunyamaza. Alikula chakula pale, akamtaka mwenye nyumba, aliyekuwa amefunga, ale pamoja naye. Akalala pale, akamzuia asikeshe usiku wote. Na mwisho wa usiku wakasimama wakasali pamoja, kisha akamkumbusha kwamba Mola wake ana haki, na nafsi yake ina haki, na watu wake wana haki. Khabari ilipomfikia Mtume (S.A.W.), alisema kwamba Salman amesema kweli. Lau Salman angalikutana na nduguye msikitini tu, angalimwona ni mtu wa ibada nyingi, akamsifu. Kasoro aliiona kwa sababu aliingia nyumbani, akala na akalala.

Kwetu pwani jambo hili lilikuwa ni ada njema. Bakuli la mchuzi lilivuka ua likarudi na ndizi. Jirani aliazima kinu na akarudisha na habari za mtoto wake mwenye homa. Mtoto wa huyu alilala kwa yule bila ya mtu kuona ni ajabu. Mtume (S.A.W.) alimuusia Abu Dharri aongeze maji katika mchuzi wake ili awafikishie majirani. Wengine hudhani wasia huu ni wa sadaka tu. Sisi twauona pia ni njia ya kujuana, kwani mwenye kupeleka bakuli hufika mlango wa jikoni, na mlango wa jikoni hausemi uwongo.

Katika darsa letu yumo fundi wa mifereji, mtu wa kuketi nyuma karibu na mlango, ambaye hatujapata kumsikia akiuliza suala. Huyu alikuwa ameingiliana na yule sahibu yetu kwa miaka mingi. Watoto wao walikua pamoja, na wake zao walipelekeana vyakula. Maradhi yalipokuja, fundi hakuuliza lolote. Alijua kwamba maji katika mtaa ule huja usiku, basi alikuja baada ya Isha na mwanawe wakajaza mapipa. Alijua ni nani katika watoto aliye na mtihani, akamchukua akasome kwake penye utulivu. Mkewe alijua vyakula alivyokatazwa mgonjwa, akapika vinavyomfaa. Na kila Jumanne na Ijumaa asubuhi alimpeleka hospitali, akangoja muda wa saa nne mashine ifanye kazi yake, akamrudisha. Sisi wenye vitabu tuliketi sebuleni. Yeye alikuwa uani ameshika ndoo.

Na maradhi ya zama zetu yataka watu wa namna hii, kwa sababu mengi ni ya muda mrefu. Kifua kikuu cha kawaida hutibiwa kwa dawa za kila siku kwa miezi sita, na mgonjwa akiziacha njiani kwa kuona amepata nafuu, maradhi huweza kurudi na kuwa sugu yasisikie dawa zile. Kisukari na shinikizo la damu ni vya umri wote. Kusafishwa damu huwa mara mbili au tatu kwa juma, juma baada ya juma. Nasi tumezoea kumzuru mgonjwa kama tunavyohudhuria arusi: sote siku moja, kisha kimya. Siku saba za kwanza nyumba haina pa kukanyaga. Mwezi wa tatu hana wa kumshika mkono.

Kwa hivyo twawausia ndugu zetu mambo haya:

Kwanza, gawaneni siku. Watu kumi wakienda siku moja ni fujo. Wakienda kila mmoja siku yake ni matengenezo. Na mzuru asiketi sana ila akijua kuwa kuketi kwake kwapendwa na mgonjwa.

Pili, msiulize "Tuwaletee nini?" Mgonjwa haulizwi uji. Ukiulizwa mbele za watu utasema huna haja, hata kama chungu ki tupu. Leteni kilo ya unga, au chukueni nguo mkazifue, au mchukueni mtoto mkampeleke skuli.

Tatu, chungeni adabu za sharia. Mwanamume asiingie kwa mke wa rafikiye faraghani kwa kisingizio cha msaada. Amtume mkewe au dadaye, au aende pamoja na mahrimu. Na wanawake wana haki hii baina yao sawasawa na wanaume. Mume asimzuie mkewe kumuuguza shoga yake aliyemfaa siku za uzazi.

Nne, msiwe waganga. Kila aingiaye ana mti wake, na hirizi yake, na khabari ya mtu aliyepona kwa kuacha dawa za hospitali. Dini yetu yafundisha kwamba Aliyeteremsha maradhi ameteremsha na dawa, na kutafuta dawa ni katika kumtii. Mwenye kumwambia mgonjwa wa kisukari aache sindano yake kwa ajili ya kombe au hirizi, ajue kwamba amechukua dhima ya roho ya mtu. Na maradhi yakiwa ya kuambukiza, fuateni maagizo ya waganga wa hospitali, fungueni madirisha, vaeni barakoa panapotakiwa, wala msimkimbie mgonjwa. Kujikinga si kumtupa mtu.

Tano, stirini. Mwenye kuingia jikoni ataona mengi: deni, ukali wa mgonjwa kwa mkewe, machozi ya mtoto. Hayo ni amana. Yakitoka barazani umefunga mlango ule, na hutafunguliwa tena wewe wala mwingine.

Wako watakaosema: "Sisi wenyewe ni maskini." Twawajibu kwamba kujaza pipa hakuna gharama, na kumngoja mtu hospitali hakuna gharama ila saa zako. Na wako watakaosema: "Hakutuambia." Udhuru huu nasi tulikuwa nao, mpaka tulipopata khabari ambayo ndiyo iliyotusukuma kuliandika somo hili. Baada ya kufariki sahibu yetu, mkewe akiwa katika eda, alimsimulia mke wetu kwamba mara mbili fundi yule aliposafiri kwa kazi, mumewe alikosa siku yake ya mashine. Hakukuwa na wa kumpeleka, wala nauli ya gari, naye aliona haya kutupigia simu. Alishinda amevimba miguu, akipumua kwa taabu, akasema, "Msiwasumbue masheikh, wana darsa." Nasi jioni zile mbili tulikuwa katika darsa kweli, nafasi yake i wazi katika mkeka, na hakuna katika sisi aliyeinuka kwenda kutazama. Hatusemi kwamba hayo ndiyo yaliyomuua, kwani ajali i mikononi mwa Mwenyezi Mungu. Twasema kwamba tutaulizwa juu ya jioni mbili zile.

Na hapa pana neno kwa wagonjwa pia. Ewe ndugu uliye kitandani, kuficha haja yako kwa rafiki wa kweli ni kumnyima thawabu zake. Staha ni katika imani, lakini staha haikutaki ufe kimya na mlango wa jirani u hatua kumi kutoka kwako. Mwambie mmoja unayemwamini, naye atawaambia wengine kwa njia njema.

Kazi ya juma hili kwa kila mmoja katika darsa ni moja, nayo haina kitabu. Mtazame aketiye kuliani mwako na aketiye kushotoni mwako. Je, wajua nyumbani kwake kuna watu wangapi? Wajua ni nani mwenye maradhi, na dawa zake huchukuliwa siku gani? Wajua maji yao huja saa ngapi? Usipojua, basi kabla ya darsa lijalo mpeleke mkeo au mwanao na bakuli la chochote mlichopika, hata likiwa ni la kunde, nawe umfuate rafikiyo mpaka mlangoni. Hapana maradhi leo? Alhamdulillahi, huo ndio wakati wake.

Twamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu sahibu yetu, awatunze mjane wake na mayatima wake, amlipe kheri fundi yule aliyetufundisha bila ya kusema neno, awaponye wagonjwa wetu na atusamehe yaliyotupita. Amin.